Mzee wa Kagunguli na Mswada Uliosubiri Miaka 35

Wengi wetu hapa Malimbe tunaijua Ukerewe kwa mambo mawili: machungwa na dagaa. Meli ya Nansio ikifunga gati, mjini hapakaliki kwa magunia na ndoo. Wachache wanajua kwamba kisiwa hicho hicho kimeipa nchi hii waandishi wa riwaya ambao mikoa mingine mikubwa haijawapata. Yupo Euphrase Kezilahabi, huyo tunamsoma tangu sekondari. Yupo Gabriel Ruhumbika, aliyeandika kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Na kabla yao wote alikuwepo mzee mmoja wa Kagunguli aitwaye Aniceti Kitereza, ambaye kwenye madarasa yetu ya fasihi anapata sentensi moja, mhadhiri anavuta pumzi, tunahamia slaidi nyingine.

Mimi namleta hapa kwa sababu ya maradhi yaliyotushika sisi tunaoandika chuoni. Tupo wengi kuliko mnavyodhani. Ukipita mabwenini usiku utaona mwanga wa laptop, utafikiri mtu anamalizia tesi, kumbe yuko kwenye sura ya tatu ya riwaya. Muulize lini anaipeleka kwa mchapishaji. Jibu ni moja siku zote: bado haijaiva. Mwaka wa kwanza haijaiva, mwaka wa pili haijaiva, anamaliza chuo, anakwenda kufundisha Sengerema au Magu, na riwaya imebaki kwenye flashi. Mimi mwenyewe nina mswada wa kurasa mia mbili na ushee, kwa hiyo naongea kama mgonjwa mwenzenu. Nimesoma maisha ya Kitereza nikitafuta dawa. Nilichokipata si dawa tamu, lakini nadhani inafaa kunywewa.

Kitereza alizaliwa mwaka 1896. Alikuwa wa ukoo wa watawala wa Ukerewe, uzao wa Omukama Machunda, kwa hiyo utoto wake ulikuwa karibu na watu walioijua historia ya kisiwa, nasaba zake, mila zake na ugomvi wake. Huo ulikuwa wakati mgumu. Wajerumani walikuwa wameshaingia, utawala wa jadi ulikuwa unatikisika, na wamisionari wa White Fathers walikuwa wamejenga Kagunguli. Huko ndiko kijana huyu alikojifunza kusoma na kuandika. Baadaye akapelekwa seminari ya Rubya, upande wa Bukoba, akakaa huko miaka mingi akisoma Kilatini, Kijerumani, falsafa na dini. Kwa viwango vya leo tungesema alikuwa na shahada na zaidi.

Hakuwa padri. Alirudi nyumbani, na mwaka 1919 akamwoa Anna Katura. Aliwahi kufanya kazi kwenye mambo ya biashara hapa Mwanza, kisha akarudi kisiwani kutumikia misheni kama katekista na mfasiri. Wamisionari waliokuja kutoka Ulaya na Kanada walihitaji mtu wa kuwaelewesha lugha na desturi za watu, na Kitereza ndiye aliyekuwa mlango wao. Alikusanya hadithi, historia za watawala, misemo na maelezo ya mila. Wenyewe wakiandika taarifa zao, nyuma ya karatasi kulikuwa na yeye.

Ndani ya nyumba yake kulikuwa na jambo jingine. Yeye na Anna walipata watoto, na watoto wote walikufa wakiwa wadogo. Kwa jamii ya wakati ule, na tuseme ukweli, kwa jamii yetu ya leo pia, nyumba isiyo na mtoto haiachwi ipumue. Ndugu wanauliza, majirani wanauliza, mwisho watu wanamshauri mume atafute mke mwingine. Kitereza hakumwacha Anna. Walizeeka pamoja.

Miaka ya 1940 alikuwa anakaribia umri wa miaka hamsini. Aliona wazee waliojua mambo wanaondoka mmoja mmoja, na vijana waliosoma misheni, kama alivyosoma yeye, hawajui tena namna babu zao walivyoposa, walivyozika, walivyolima na walivyotibu. Padri mmoja Mkanada aliyekuwa Kagunguli, Almas Simard, alimhimiza aandike. Kitereza angeweza kuandika kitabu cha desturi, cha orodha na vichwa vya habari, kama vilivyokuwa vingi enzi hizo. Badala yake akaandika riwaya. Na hakuiandika kwa Kiswahili, wala kwa Kijerumani, wala kwa Kilatini alichokisotea Rubya. Aliiandika kwa Kikerewe, lugha ya watu wa kisiwa kimoja na pwani yake.

Hadithi yenyewe ni ya mume na mke, Myombekere na Bugonoka, wanaopendana lakini hawana mtoto. Ndugu wa mume wanamsema vibaya Bugonoka mpaka wazazi wake wanakuja kumchukua. Myombekere angeweza kuoa mwingine, kila mtu angemwelewa. Yeye anafunga safari kwenda ukweni kumwomba mkewe, anatozwa fidia ya pombe ya ndizi, anahangaika kuipata, anamrudisha nyumbani. Wanatafuta mganga, wanatibiwa kwa muda mrefu, na mwisho wanapata mtoto wa kiume, Ntulanalwo, na baadaye wa kike, Bulihwali. Majina yenyewe yamebeba woga wa kifo. Kisha kitabu kinawafuata watoto hao nao wanakua, wanaugua, wanaoa na kuolewa, wanazaa. Njiani humo unajifunza jinsi ndizi zinavyoivishwa na kukamuliwa, jinsi mgeni anavyopokelewa, jinsi ng'ombe anavyotunzwa, dawa gani ya ugonjwa gani, nani anakaa wapi kwenye msiba.

Ukijua habari za nyumba ya Kitereza na Anna, huwezi kuisoma hadithi hiyo kwa wepesi. Aliwapa wahusika wake watoto ambao yeye hakubaki nao.

Mswada uliisha mwaka 1945. Nataka tusimame hapo kidogo. Uliisha. Mtu aliyekuwa hana mhariri, hana kundi la waandishi, hana hata riwaya nyingine ya Kikerewe ya kuiga, aliweka nukta ya mwisho. Hakukuwa na mtu wa kumwambia kwamba kazi hiyo ni riwaya. Alikuwa anaijenga nyumba na kuichonga ngazi yake wakati huohuo.

Halafu mlango ukafungwa. Sababu haikuwa ubaya wa kazi, ilikuwa hesabu. Nani angechapa kitabu kinene kwa lugha ya watu wachache namna ile? Serikali ya Waingereza ilikuwa imeshaichagua Kiswahili Sanifu kuwa lugha ya shule za msingi, na tangu mwaka 1930 kulikuwa na kamati maalumu ya kukisimamia. Ofisi ya vitabu ya Afrika Mashariki iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1948 nayo ilitazama lugha zenye wasomaji wengi. Misheni zilichapa kwa lugha za wenyeji, lakini zilichapa katekisimu, nyimbo na sala. Riwaya ya mume na mke wasio na mtoto, iliyojaa waganga na pombe ya ndizi, haikuwa na rafu yake. Padri Simard alijaribu njia ya Kifaransa, akaanza kuifasiri, lakini akafariki kazi haijafika kwa wasomaji.

Uhuru ulipokuja mwaka 1961 ungedhani mambo yangefunguka. Kwa Kitereza yalibana zaidi. Taifa jipya lilikuwa linajenga umoja kwa Kiswahili, na jambo hilo lilitusaidia sana, sitaki kulibeza. Ila vitabu vya lugha za makabila vilibaki bila mchapishaji. Mzee wetu akawa na mswada ulioandikwa kwa lugha isiyochapwa, kuhusu zama ambazo watu walikuwa wanakimbia kuziacha.

Hapa ndipo linapoingia jambo ambalo sisi wanachuo tunaliogopa kuliko kukataliwa: kupitwa. Kezilahabi alizaliwa Namagondo, kisiwani humo humo, mwaka 1944. Wakati Kitereza anamaliza mswada wake, Kezilahabi alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Mwaka 1971 mtoto yule akatoa Rosa Mistika. Mwaka 1974 Kichwamaji. Mwaka 1975 Dunia Uwanja wa Fujo. Mwaka 1979 Gamba la Nyoka. Riwaya nne, na mswada wa mzee bado uko Kagunguli. Hebu jiweke pale. Sisi rafiki akipata shairi lake moja gazetini, wiki nzima hatuli vizuri.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 walifika Ukerewe mwanahistoria Mmarekani Gerald Hartwig na mkewe Charlotte. Walikuja kutafuta historia ya biashara ya masafa marefu na ya watawala wa kisiwa, wakaelekezwa kwa mzee anayejua mambo. Kwa mzee wakaukuta mswada. Wakaelewa upesi kwamba walichoshika ni kitu kikubwa, na wakamshauri jambo ambalo ni rahisi kulisema: kama Kikerewe hakichapwi, aifasiri kazi yake mwenyewe kwa Kiswahili.

Kitereza alikuwa amepita miaka sabini. Afya yake ilikuwa mbaya na maisha yalikuwa ya shida. Kazi yenyewe si ya kurasa themanini. Kitabu kilichochapwa kinazidi kurasa mia sita. Akakaa chini akaiandika upya yote kwa Kiswahili, neno kwa neno, mitungi ya pombe na mazishi na dawa na matani ya shemeji. Mwaka 1972 akina Hartwig waliandika makala juu yake katika jarida la kitaaluma la fasihi ya Afrika. Kwa hiyo ikatokea hali ya ajabu: wasomi wa ng'ambo walikuwa wanamjadili kama mwandishi wa riwaya miaka minane kabla riwaya yake haijauzwa dukani hata moja.

Hatimaye Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam, wakati huo ikiongozwa na Walter Bgoya, ikakitoa kitabu kwa tarehe ya mwaka 1980. Jina lake refu kama mwendo wake: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Aniceti Kitereza alifariki Aprili 1981, mwenye umri wa miaka themanini na tano hivi, kabla nakala hazijamfikia kisiwani. Hakukishika.

Baada ya hapo kitabu kikaanza kusafiri. Mjerumani Wilhelm Möhlig, mtaalamu wa lugha za Kiafrika, akakifasiri kwa Kijerumani, juzuu mbili zikatoka miaka ya 1990 mwanzoni. Kifaransa kikafuata. Na mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, mwana wa Ukerewe mwenyewe, akatoa tafsiri ya Kiingereza kutoka kwenye Kikerewe cha asili, ikachapwa na Mkuki na Nyota, kampuni aliyoianzisha yule yule Bgoya. Ukihesabu, kitabu kilichokosa mchapishaji wa lugha moja kilimalizika kwa lugha nne.

Sasa turudi kwenye maradhi yetu.

Rafiki yangu mmoja tunayesomana naye kazi aliniambia kwamba habari hii inakatisha tamaa. Mtu anasubiri miaka 35 halafu anakufa wiki chache kabla? Kuna faida gani hapo? Ana haki ya kuuliza. Watu wa semina za kuhamasisha wangeigeuza kuwa somo la subira, wangesema ukivumilia utafika. Kitereza alivumilia na hakufika, maana kufika ni kukishika kitabu mkononi. Tusimdanganye mtu.

Ila mimi naona habari hii inatenganisha vitu viwili ambavyo sisi tumevichanganya. Kuna kazi kuisha, na kuna kazi kupokelewa. La kwanza lilikuwa mikononi mwa Kitereza, akalifanya mwaka 1945. La pili lilikuwa mikononi mwa serikali, misheni, wachapishaji, lugha na soko, na huko alikwama. Sisi tunafanya kinyume. Tunaogopa la pili, kwa hiyo hatulifanyi la kwanza. Tunasema haijaiva wakati tunachomaanisha ni kwamba tunaogopa macho ya watu. Maana ikiwa haijaisha, hakuna anayeweza kuikataa. Mswada usiokwisha hauna aibu. Wala hauna msomaji.

Halafu kuna suala la ukamilifu wenyewe. Hivi nani alituambia riwaya kamili inafananaje? Chukua kitabu cha Kitereza ukipeleke kwenye kozi yetu ya uandishi bunifu. Utaambiwa msuko unakwenda polepole. Utaambiwa ukurasa mzima wa salamu ukatwe. Utaambiwa maelezo ya kutengeneza pombe yanasimamisha hadithi. Pengine ungepata C, ukarudishiwa ukarekebishe. Na hayo yote yanayoonekana kasoro ndiyo yanayokifanya kitabu kisifanane na kingine chochote. Polepole ile ndiyo mwendo wa maisha anayoyaeleza. Salamu ndefu ndiyo heshima yenyewe. Angekaa kukisafisha kwa kipimo cha riwaya za Ulaya alizoweza kuzisoma, angekisafisha mpaka kisiwe na Ukerewe ndani.

Sisemi kusahihisha ni kosa. Kitereza alifanya sahihisho kubwa kuliko yetu yote: aliiandika kazi nzima upya kwa lugha nyingine uzeeni. Lakini tazama ni lini alifanya hivyo. Alifanya pale ambapo kulikuwa na njia mbele, kuna mtu amesoma, kuna mlango umeonekana. Alirekebisha ili kazi itoke. Kuna kurekebisha kwingine ambako ni kuizuia isitoke, na kila mmoja wetu anajua anafanya kupi saa saba za usiku akibadilisha sentensi ya kwanza kwa mara ya ishirini.

Na hakuna alichokifanya peke yake. Simard alimhimiza, akina Hartwig walimsoma, Bgoya alimchapa, Ruhumbika na Möhlig walimfasiri. Kila mmoja wao alipata nafasi ya kusaidia kwa sababu kulikuwa na kitu cha kupewa. Wageni wale walipofika Kagunguli hawakukuta wazo la riwaya. Walikuta karatasi.

Sisi tuna nafuu ambazo mzee hakuwa nazo. Lugha yetu inachapwa. Ipo Tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, inayopokea miswada ya Kiswahili ambayo haijachapwa. Ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Hapa Mwanza karatasi ya kuchapisha kurasa mia mbili ni bei ya sahani chache za wali samaki, na bumu likiingia tunajua linakwenda wapi. Bado kukataliwa kupo. Mchapishaji mmoja aliniambia nisubiri miezi mitatu, na mwaka umepita. Nikikumbuka 35, napunguza kelele.

Ushauri wangu kwa wana wa chuo wenzangu ni mdogo. Chagua tarehe, kabla ya mitihani ya mwisho wa muhula, na siku hiyo weka nukta ya mwisho hata kama sura ya saba inakukera. Mpe mtu mmoja asome, mtu asiyekuogopa. Sahihisha mara moja kwa aliyoyaona yeye, siyo kwa yanayokutisha wewe. Kisha tuma, na siku inayofuata anza nyingine. Ikikataliwa, itakuwa imekataliwa kazi iliyokwisha, na kazi iliyokwisha inaweza kusubiri. Kikerewe kile cha mwaka 1945 kilisubiri mpaka mwenyewe akazeeka, na kilipofunguliwa kilikuwa bado kizima. Kilichokuwa hakiwezi kusubiri ni wazee aliokuwa anawaandika, na ndiyo maana hakungoja kiive zaidi.

Mkienda Nansio likizo hii kufuata machungwa, ulizeni pia Kagunguli iko wapi.